Rimoti ilikuwa ndani ya boksi la A3

Tuliitafuta siku mbili. Ami aliapa hajaigusa tangu juzi. Kijana wa pikipiki alipekuliwa mifuko mbele ya wateja. Mama Hesabu hakutia neno. Alikuwa akipiga kikokotoo na kuramba kidole kila akifunua risiti, kama mtu ambaye jambo lenyewe halimhusu. Siku ya tatu nikafungua boksi la karatasi za A3 ili nichape ratiba ya Ramadhani ya msikiti mmoja, na katikati ya rimu mbili nikaikuta rimoti ya esi, yaani kiyoyozi chetu, imeviringishwa vizuri ndani ya kipande cha leso ya manjano. Pale kazini hakuna asiyejua leso ile ni ya nani.

Niliirudisha palepale, nikafunga boksi, nikaenda kufungua jingine. Mimi pia nilikuwa nasikia baridi.

Nafanya kazi kwenye duka la uchapaji hapa Malindi, pembeni mwa Barabara ya Lamu. Mimi ndiye ninayechora: kadi za harusi, vibandiko vya maji ya chupa, menyu za hoteli (Kiitaliano sikijui, lakini gamberi na aragosta naziandika bila kukosea), na kila baada ya miaka mitano, sura za wagombea wanaotaka wapunguziwe makunyanzi. Tuko sita. Majina siyataji kwa sababu wote husoma ninayoandika, na mmoja wao ana hasira za karibu.

Chumba chetu ni kirefu, chembamba. Mbele kuna mlango mpana wa kioo unaotazama magharibi, na meza ya mapokezi anapokaa binti mdogo tunayemwita Dada wa Mbele. Katikati ni meza yangu, na juu ya kichwa changu, ukutani, ndipo ilipogongewa esi yenye nguvu ya BTU 18,000. Kushoto kwangu yuko Mama Hesabu. Nyuma kabisa, kwenye mashine, yuko Ami. Kijana wa pikipiki hana kiti, yeye ni wa kuingia na kutoka. Na Hajji, mwenye duka, ana kijichumba chake juu ya ngazi chenye feni tu, kwa kuwa yeye ndiye anayelipa stima.

Kila mmoja alikuwa na digrii yake. Ami ni 18. Mama Hesabu haitaki kabisa, lakini akilazimishwa, 27. Dada wa Mbele asubuhi hana neno, ikifika saa nane mchana anataka yoyote mradi asife. Hajji alikuwa akishuka ngazi mara mbili kwa siku kuiweka 26, akipanda tu, inashuka. Kijana wa pikipiki akitoka Barani na jua la saa saba utosini anabonyeza mpaka 16, na si kwa sababu amepima akaona 16 inamfaa. Ni kwa sababu hapo ndipo rimoti inapoishia. Ingekuwa na 5 angeweka 5. Mimi sikuwa na namba. Nilichotaka ni ule upepo usinipige kisogoni.

Nimweleze Ami kidogo, maana hadithi ni yake zaidi. Ana miaka hamsini na kitu, alianza uchapaji enzi za sahani za kuchapia na wino wa kopo, na mpaka leo akishika karatasi huisikiliza: huitikisa karibu na sikio, akasema "hii imekunywa". Maana yake imeingia unyevu. Kwa asiyejua kazi hii, karatasi ni kama sifongo. Hewa ya Malindi ina maji, na kaskazi ikikaribia kuisha ina maji zaidi, na rimu ikifunguliwa ikaachwa wazi, asubuhi yake unazikuta kingo zimefanya mawimbi kama bati. Ukiitia kwenye mashine inameza mbili mbili, au inakwama ndani na kutoka imekunjamana kama chapati. Kadi nzito, zile za gramu 300, ndizo mbaya zaidi, zinajipinda upande mmoja na wino wa dhahabu haukai mahali pake. Mwaka juzi tulitupa kadi 200 za arusi ya watu kwa sababu jina la bwana arusi lilikuwa limepanda juu ya jina la babake. Hajji hakula siku ile.

Kwa hiyo Ami alipokuwa akiteremsha digrii, alikuwa na hoja. Shida ni kwamba aliitoa kama fatwa. "Karatasi haitaki joto, Mama. Mwisho."

Naye Mama Hesabu hujibu bila kuinua macho. "Karatasi hailipwi mshahara, Ami."

Yeye ni mwenyeji wa pande za Marafa, amekaa mjini hapa tangu ujana wake, na ofisini huja na leso mbili: moja ya mabegani, moja ya magotini. Kila mwezi Machi, watu wa nje wakiwa wanatiririka jasho, yeye anakohoa. Tulimzoea. Hata wateja walimzoea, wakaona ni mambo ya uzee, ingawa umri wake na wa Ami hauachani sana.

Ramadhani ya mwaka 2025 iliangukia Machi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wanaoijua pwani hii wanaujua mwezi huo. Kaskazi imechoka, kusi haijafika, ndio maleleji yenyewe: makuti hayatikisiki, bahari imelala, na ukitoka kuoga unaanza kulowa tena kabla hujajifuta. Waliofunga kati yetu tulikuwa wanne. Ami hakutaka kutoka jasho kabisa, alisema kila tone linalotoka halirudi mpaka magharibi, na kwa hilo simlaumu. Lakini mimi nikifunga, mwili unapoa. Ikifika saa nane tumbo liko tupu, damu imetulia, nimekaa kwenye kiti sitikisiki, na upepo wa esi unashuka moja kwa moja kwenye shungi. Nilikuwa natetemeka mfungo mzima, Malindi, mwezi wa tatu. Ukimwambia mtu anacheka.

Hapo ndipo rimoti ilipoanza safari zake. Ilipatikana kwenye droo ya risiti. Ilipatikana bila betri. Ilipatikana juu ya kabati la vifaa, mahali ambapo ni mtu mmoja tu mrefu wa kutosha kufika, naye ni Hajji. Mwishowe Hajji akaichukua, akapanda nayo juu, akatangaza kwamba itakuwa 25 na hakuna mjadala. Tukapumua. Siku ya pili, saa nane u nusu, esi ikalia pip, pip, pip, ikateremka mpaka 16 peke yake. Rimoti iko juu, imefungiwa kwenye droo. Dada wa Mbele akasema Bismillahi. Siku ya tatu hivyo hivyo. Ami, ambaye ndiye aliyekuwa akinufaika, akasema labda ni stima kuruka. Mama Hesabu akasema si stima, ni mtu.

Ilikuwa simu. Kijana wa pikipiki ana simu ya aina ile yenye kijitundu juu kinachotoa miali kama ya rimoti, ameingiza programu, anasimama mlangoni na bahasha mkononi kama anasubiri sahihi, huku kidole gumba kinafanya kazi mfukoni mwa shati. Alipofumaniwa alisema, "Shangazi, nje kuna moto, wallahi." Naye Mama Hesabu akamwambia, "Na humu ndani mimi ni samaki wa kuuza?"

Sasa kuna jambo moja la kifundi ambalo laiti tungelijua mapema lingetuokolea maneno mengi. Esi yetu ni ya zamani, ya kompresa (ile pampu yake ya kupoza) inayowaka au kuzima, haina hali ya katikati. Ukiiweka 16 haipoi upesi kuliko ukiiweka 24; ile namba inaiambia isimame lini, basi. Zaidi ya hapo, kipimo chake kiko ndani ya esi yenyewe, kule juu karibu na dari, kinapima hewa inayorudi pale. Hakijui mimi nimekaa wapi. Hakijui kwamba Dada wa Mbele ana kioo cha mita mbili kinachomtemea jua la alasiri. Kwa hiyo tulikuwa tunagombania namba ya mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu anayekaa.

Nililijua hili baada ya kununua kipimajoto, kile kidogo cha kubandika ukutani chenye kuonyesha joto na unyevu. Sikumwambia mtu. Kwa siku sita nilikuwa nikikihamisha meza kwa meza, nikiandika nyuma ya daftari. Saa tisa alasiri, esi ikiwa imewekwa 22: kwangu 20. Kwa Mama Hesabu 21. Kwenye mashine ya Ami, ambayo yenyewe inatoa joto kama jiko la mkaa, 26. Na mapokezi, pale kwenye kioo, 30. Chumba kimoja, digrii 10 za tofauti. Ami alikuwa anasema kweli. Mama Hesabu alikuwa anasema kweli. Sote tulikuwa tukisema kweli na kuitana waongo.

Daftari lile nikalibeba siku tatu kwenye mkoba bila kujua nilitumie vipi.

Kabla sijaendelea, kuna maneno ambayo naona niyaandike kwa sababu yalinigeuza. Siku moja Ami, kwa upole kabisa, alitoa hoja ambayo nadhani kila mtu ameshawahi kuisikia: anayesikia baridi anaweza kuongeza nguo, anayesikia joto hawezi kuvua zaidi ya alipofika. Tukatikisa vichwa, inaonekana ni haki. Mama Hesabu akaweka kalamu. Akasema, "Ami, wewe umevaa shati la mikono mifupi. Mimi nimevaa gauni, leso mbili na soksi. Soksi, Malindi. Nimeongeza tangu mwaka jana. Wewe umevua nini?" Kimya. "Halafu nikitoka saa kumi na moja na soksi zangu kwenye tuk-tuk, watu wananitazama kama mgonjwa. Hiyo nguo ninayoongeza mnailipa nyinyi?"

Nilikuwa na buibui juu ya nguo zangu na bado nilikuwa nimekunja mikono kwapani. Nikaona kweli, hoja ile tamu ni ya mwenye joto siku zote.

Usiku ule nilisoma mpaka daku. Kumbe watu wameyapima haya kwa miaka. Mdenishi mmoja, Ole Fanger, mwaka 1970 alitoa hesabu ambayo wajenzi wa maofisi duniani wameitegemea tangu hapo. Alihesabu mambo sita: joto la hewa, joto linalokuja kutoka kwenye kuta na vioo, mwendo wa hewa, unyevu, nguo ulizovaa, na kazi anayofanya mwili wako. Sisi tulikuwa tunaligombania moja tu kati ya sita. Na kwa hesabu yake mwenyewe, hata ukiyapatia yote sita, bado watu 5 kati ya 100 hawataridhika. Nilicheka peke yangu gizani. Asilimia 5 ya watu sita ni kama thuluthi moja ya mtu. Nikawa najiuliza thuluthi yetu ni ya nani.

Nikasoma pia kwamba mwaka 2015 wataalamu wawili wa Uholanzi walionyesha kuwa ile hesabu ya kazi ya mwili, iliyokuwa ikitumika kwenye maofisi, ilichukuliwa kutoka kwa mwanamume wa miaka 40 mwenye kilo 70, na kwamba miili ya wanawake waliowapima ilikuwa ikitoa joto kidogo kuliko hesabu ilivyodai. Ukurasa ule niliupiga picha nikaenda kumwonyesha Mama Hesabu. Akausoma kwa miwani, akanirudishia simu. "Mwanangu, walihitaji kupima?"

Siku ya ishirini na kitu ya mfungo, stima ikakatika saa tano asubuhi. Haikurudi mpaka saa tisa. Chumba kile bila esi hakikaliki, madirisha ya pembeni yalipigwa misumari siku ile esi ilipoletwa ili baridi isitoke. (Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka hewa safi izunguke katika chumba cha kazi. Nimeliandika hili hapa kwa sababu Hajji huwa anasoma.) Tukatoa viti, tukaenda kukaa uani chini ya mwarobaini. Kulikuwa na kaupepo kadogo kutoka baharini, ka kusingiziwa. Ami akalala kwenye maboksi yaliyokunjuliwa. Mama Hesabu, kwa mara ya kwanza mwezi ule, akavua leso ya mabegani, akaitumia kujipepea.

Hapo nikatoa daftari. Nilisoma zile namba kwa sauti, meza kwa meza. Dada wa Mbele aliposikia 30 machozi yakamlengalenga, si kwa huzuni, ni kwa kule kuaminiwa. Kila siku alikuwa anaambiwa, "Wewe umekaa kwenye esi unalalamika nini?"

Halafu nikawapa hadithi niliyoisoma usiku, na hii ndiyo iliyoleta kazi. Esi ya kwanza ya kisasa, niliwaambia, haikutengenezewa watu. Mwaka 1902, kule Brooklyn, New York, kulikuwa na kiwanda cha uchapaji ambacho kila majira ya joto kilikuwa kinaharibikiwa. Karatasi ilikuwa ikivimba na kusinyaa kwa unyevu, na kwa kuwa rangi huchapwa moja baada ya nyingine, ya pili haikuwa ikiangukia juu ya ya kwanza. Akaitwa mhandisi kijana wa miaka 25, Willis Carrier, akabuni mtambo wa kupitisha hewa juu ya mabomba ya baridi ili ipungue maji. Karatasi ikatulia. Watu kuburudika kulikuja baadaye.

Ami akaketi. Nilidhani amelala. "Rudia," akasema. Nikarudia. Akapiga paja. "Si nilisema? Miaka yote hii nasema! Kitu hiki ni cha karatasi!"

Mama Hesabu akaendelea kujipepea, akajibu polepole: "Basi kilale na karatasi. Sisi tumeingiaje kitandani mwao?"

Tulicheka mpaka Hajji akatoka dirishani kuuliza kuna nini. Lakini Ami hakucheka. Alikuwa anatazama mlango wa stoo.

Stoo yetu iko nyuma ya mashine, hatua nne kwa tatu, imejaa fremu zilizovunjika na mabango ya uchaguzi uliopita. Baada ya Idi tuliimwaga yote. Hajji akapata esi ndogo ya BTU 9,000 iliyokwishatumika, kutoka kwa mtu aliyekuwa akifunga nyumba ya wageni. Alilalamika bei kwa wiki nzima, lakini alilipa. Mashine ikaingizwa humo, karatasi zikaingizwa, mkasi mkubwa wa kukatia ukaingizwa, na Ami akaingia na kofia yake na redio. Akaweka 20. Karatasi ni lazima ikae hewa moja na mashine, ukiitoa kwenye baridi kavu ukaileta kwenye hewa nzito inajipinda mbele ya macho yako, kwa hiyo kuigawa kwingine kusingefaa. Tangu hapo hatujatupa kadi hata moja kwa sababu ya unyevu. Tumetupa kwa sababu nyingine, moja ikiwa mimi kuandika "Jumamosi" kwenye siku ya Ijumaa, lakini hiyo siyo ya leo.

Kwa huku nje fundi wa friji alipoifungua ile kubwa, chujio lake lilikuwa na vumbi la karatasi nene kama blanketi la mtoto. Na kile chombo cha nje, chumvi ya bahari ilikuwa imeshakitafuna mapezi. Akaosha, akaongeza gesi, akatuonya tusafishe chujio kila mwezi. Kumbe mara nyingine ilikuwa inaganda barafu ndani kwa kukosa pumzi, ndiyo maana upepo wake ulikuwa wa kuchoma. Ami akakata kadi nene, akaikunja na kuitundika chini ya mdomo wa esi, upepo ukapanda darini kwanza kabla ya kutushukia. Ile kadi ilitoka kwenye zile 200 za arusi tulizokuwa tumezitupa. Wateja husimama wakasoma juu ya kichwa changu: *mnakaribishwa kwa furaha*.

Mlango wa kioo ndio ulionipa kazi ya kufikiri. Bibi yangu alikuwa na nyumba ya mawe Lamu, mtaa wa Mkomani, ambayo nilikulia kila likizo. Haikuwa na feni miaka mingi. Kuta za matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba mtoto alikuwa akiweza kujilaza kwenye kizingiti cha dirisha. Vyumba vyembamba, kwa kuwa upana wake ni urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Kiwanda, yaani ua wa ndani, katikati, wazi kwa mbingu, joto linapanda na kwenda zake. Na mlangoni daka, lenye mabaraza mawili, ambapo mgeni alikuwa akikaa kivulini kabla hajaingia. Ikifika saa nne bibi alikuwa akipiga kelele toka ndani: "Fungani mlango, yua lisingie!" Hakusema joto lisiingie. Jua ndilo alilolizuia, tena nje, kabla halijagusa nyumba. Sisi tulikuwa tunaliacha lipite kioo, likae ndani, ndipo tunapigana nalo kwa stima.

Nikamwambia Hajji tunahitaji daka. Akaniuliza nina wazimu. Nikamwambia daka la makuti. Kaka yake Mama Hesabu hufuma makuti, akaja na vipande na miti, akatuezekea kibaraza kifupi mbele ya kioo, kikishuka mpaka kimo cha kifua upande wa magharibi. Kazi ya siku moja na nusu pamoja na chai. Nilipima tena: saa tisa alasiri, mapokezi, 26. Tukaongeza feni ndogo ya mezani ikimtazama Dada wa Mbele peke yake. Feni haipozi chumba, inampoza mtu, na upepo mwepesi mwilini unaweza kukufanya usikie kama joto limepungua digrii 2 au 3. Hatukuweza kufikiria feni zamani kwa sababu karatasi zingepaa. Sasa karatasi hazipo.

Esi kubwa iko 25. Rimoti inaning'inia kwenye msumari kwa kamba ya kufungia rimu, kila mtu anaiona, na nadhani kule kuonekana kumeiua hamu yake. Japani serikali tangu 2005 inawasihi maofisi waweke 28 majira ya joto na wavue tai. Nilimweleza Hajji hilo, nikajuta papo hapo, maana alianza kuitazama ile rimoti kwa macho mengine. Mama Hesabu amebaki na leso moja. Kikohozi kipo, kidogo. Madirisha tuling'oa misumari, na Julai, kusi ilipokuwa ikivuma sawasawa, kulikuwa na majuma mazima hatukuwasha kitu.

Ila Ami amepata upweke. Hili hatukulitazamia. Alitaka baridi akaipata, karatasi zinamtii, lakini gumzo liko huku. Mteja akija na habari ya mjini, Ami husikia vicheko tu kupitia ukutani, akatoka na karatasi tupu mkononi kuuliza, "Kasema nini? Nani?" Mwishowe akaanza kuuacha mlango wa stoo wazi ili asikie, na baridi yake ya 20 ikawa inatambaa chini kwa chini, moja kwa moja mpaka miguuni pa Mama Hesabu. Akawa anaufunga kwa mguu bila kusimama. Ami anaufungua. Anaufunga.

Wamefika mahali sasa. Mlango unazuiwa na rimu moja ya A4. Rimu ikiwekwa kwa unene wake, ufa unabaki kama sentimita 5, Ami anasikia sauti lakini hashiki maneno. Ikigeuzwa kwa upana, ufa ni sentimita 21, anasikia kila kitu na Mama Hesabu anaifuata soksi kwenye droo. Asubuhi huwa kwa unene. Saa nne, chai ikimiminwa, naona mkono wa Ami unatoka stoo taratibu, unaigeuza. Akimaliza kikombe chake Mama Hesabu anaisogelea, anairudisha, na hakuna anayesema kitu.